Kitambaa cha Mkono wa Purity

Bofa, Kilifi
12 Februari 2025

Ndugu yangu Kambi,

Salamu kutoka kwetu. Sisi tu wazima. Shemeji yako Gitau anaugua mgongo lakini kazini anakwenda, na Whitney wangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi, tunashukuru. Nasikia kisima chenu kimeanza kutoa maji ya chumvi. Mwambie Pola asiwape watoto wadogo maji hayo kabla ya kuyachanganya na ya mvua, kama yamebaki.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu tumzike mama simu zangu hupokei. Nimepiga mara tisa. Mtoto wako analala kwangu, anakula kwangu, anasoma katika shule ambayo mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, na wewe umeona mimi ndiye wa kukatiwa simu. Basi Kazungu wa lori la nazi ataiacha hii dukani kwa Shoeb, hapo Mambrui. Sukari lazima ukanunue, utaikuta.

Jambo lenyewe ni hili, na nataka ulisikie kwangu kabla hujapelekewa na watu. Purity alirudi kutoka mazishini na kile kitambaa chenu mkononi. Sheria ya shule ina mistari mitatu juu ya mavazi, na wa pili unasema mwanafunzi asivae kitu kisicho sare, iwe hereni, bangili, uzi au hirizi. Nilimwambia akivue mara mbili nyumbani na mara moja ofisini. Kila mara alijibu, "Sawa, shangazi," na kesho yake akaja nacho. Wasichana wakaanza kunitazama waone kama sheria ni ya wote au ni ya wasio na jamaa.

Jumatatu, gwarideni, nilimwita mbele ya wanafunzi mia sita nikakikata kwa mkasi. Wapo waliocheka. Sikuwanyamazisha, kwa kuwa aibu nayo hufundisha.

Unajua kwa nini sina mchezo na sare. Katika darasa la Purity yupo Yesha, binti wa Anantrai mwenye maduka ya vitambaa hapa mjini. Wakisimama mstari mmoja, ukawatazama kuanzia shingoni kwenda chini, huwezi kujua nani baba yake ana maduka na nani baba yake analima mihogo. Hiyo ndiyo zawadi pekee ambayo shule inaweza kumpa maskini. Usije ukamharibia kwa mambo ya kaburini.

Anaendelea vizuri. Ni wa kwanza katika Kemia.

Dada yako,
Hannah


Nyuma ya Mambrui
9 Machi 2025

Dada Hannah,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa Shoeb siku kumi na mbili kwa sababu sukari siku hizi nanunua kwingine. Sisi wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Pola anakusalimu, anasema maji ya mvua yaliisha Desemba, ungelijua kama ungelala nyumbani hata usiku mmoja wa msiba badala ya kurudi hotelini Malindi.

Nimeisoma. Umeandika vizuri kama kawaida yako.

Unanieleza habari za sare kana kwamba sijaziona. Siku ya mazishi ulishuka garini na vitenge vya aina moja, vyekundu na vyeupe, vimeshonwa tayari. Wewe ulivaa, Gitau alivaa, Whitney alivaa, rafiki zako wa kanisani walivaa. Watoto wangu walisimama na nguo zao za kila siku mbele ya kaburi la bibi yao, na mpiga picha akawaomba wasogee kando. Siku hiyo, dada, aliyetazama kuanzia shingoni kwenda chini alijua vizuri sana nani ni nani.

Sitaki ugomvi. Nina swali moja. Kitambaa kiko wapi?

Nakukumbusha kwa kuwa umesahau, au umejisahaulisha. Katika nyumba yetu ya Kenga, mzazi akifa, nguo aliyoipenda huchanwa vipande, kila mtoto na mjukuu akafungwa chake mkononi. Hakivuliwi mpaka siku ya hanga la pili, yale matanga ya kumaliza msiba, baada ya mavuno, ambapo kila mtu hukifungua mwenyewe na kukilaza juu ya kaburi. Hapo ndipo mtu anaachiliwa na msiba. Asiye nacho hukaa nyuma siku hiyo, mpaka kipatikane. Wewe hukutaka chako, hilo ni lako na Mungu wako. Purity alikitaka. Alilala na bibi yake kitanda kimoja mpaka alipokuja kwako.

Kiweke katika bahasha, mpe Kazungu.

Nduguyo,
Kambi


Bofa
24 Machi 2025

Ndugu yangu Kambi,

Nimepokea. Mwandiko wako bado unapanda mlima, ila umesomeka. Gitau amepona. Whitney ameanza masomo.

Kitambaa hakipo. Kilitupwa katika pipa la ofisi yangu, pipa humwagwa kila jioni, na takataka huchomwa nyuma ya jiko la shule. Kilikuwa kipande cha rangi ya tope, kimechakaa, kinanuka moshi. Sielewi mama yetu, aliyekuwa na leso nzuri nilizomnunulia mimi mwenyewe, alipendaje kitu cha namna ile, na sitaki kujua. Mimi nimeokoka.

Ungeniuliza habari za mtoto, ningekujibu. Hukuuliza. Umejaza ukurasa mzima na kitambaa, na juu ya Kemia yake hukuandika hata neno. Ndivyo ulivyokuwa tangu utoto. Shule ilikuwa mlangoni kwako na ukaiacha ukiwa darasa la saba, hakuna aliyekufukuza, ulichoka tu, ukaenda kuwinda ndege. Sasa una mtoto ambaye hakuchoka, na unatafuta namna ya kumchosha.

Yuaja kwenu likizo ya Aprili. Shule inafunguliwa tarehe ishirini na nane. Oktoba na Novemba ni mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, na hilo ndilo hanga pekee ninalolihesabu.

Hannah


(Kwenye karatasi ya shule, yenye muhuri)
13 Mei 2025

Kwa Bw. Kambi Kenga,

Salamu. Sisi wazima.

Muhula ulianza siku kumi na tano zilizopita na mwanafunzi Purity Kambi hajaripoti. Amewekewa kiti chake kila asubuhi. Tafadhali mlete au utume sababu kwa maandishi.

H. K. Gitau
Naibu wa Mwalimu Mkuu


Nyuma ya Mambrui
1 Juni 2025

Dada Hannah,

Salamu. Muhuri wako ni mzuri, watoto wamechezea karatasi. Mahindi yametoka. Pola alikuwa na homa, sasa hajambo.

Sababu kwa maandishi ni hii. Purity alifika hapa Aprili na mkono mtupu. Wajukuu wote wamefungwa vitambaa, yeye peke yake akawa kama mpita njia aliyekuja kuomba maji. Alilia siku tatu. Hakunisimulia habari za gwaride, nilizisoma kwako tu. Nilipomuuliza alisema, "Shangazi alikuwa anafanya kazi yake." Wewe umemfundisha kusema hivyo, au amejifunza mwenyewe, yote mawili ni mabaya.

Nimekata changu nusu nikamfunga. Hatakivua. Na kwa kuwa shule yako haimpokei mtu mwenye kitambaa, atakaa hapa. Siku utakayoleta kile chake kwa mkono wako, au hata kwa mkono wa Kazungu, nitamrudisha, na nitamwambia avue hiki changu avae chake ndani ya sweta au mfukoni, popote mtakapokubaliana. Nataka kile kile.

Vitabu vyake Pola amevipandisha darini, panya wasivile.

Kambi


Bofa
22 Juni 2025

Ndugu yangu mpenzi Kambi,

Natumaini Pola amepata nguvu. Hapa kwetu mvua ya Mei iliangusha ukuta wa jirani, hakuna aliyeumia. Whitney anakusalimu, na mimi nakuombea kila asubuhi.

Bwana ni mwema. Nilikuwa napanga meza ya ofisi nikakikuta kitambaa nyuma ya droo. Kumbe mfagiaji hakukitupa, alikiokota akakiweka humo. Nimekitia katika bahasha hii. Ni kile kile, rangi ya tope, urefu wa shibiri moja.

Basi yameisha. Mpe Purity, na mlete Jumatatu. Walimu wamenikubalia kumfundisha jioni yale aliyoyakosa. Nimempigia pasi sare zake mbili, zimetundikwa chumbani mwake.

Nimekubali umenishinda. Furahi sasa, mlete.

Dada yako,
Hannah


Nyuma ya Mambrui
17 Julai 2025

Hannah,

Pola mzima. Yule ndama dume amekufa. Mvua imetupita.

Bahasha tumeipokea. Nilikiweka kitambaa mezani nikawaita watoto wakione, kisha nikampa Pola afungie mdomo wa mtungi. Ni kitambaa kizuri cha pazia, kimechovywa katika majani ya chai. Harufu ya chai bado imo.

Hukukitazama hata mara moja kabla ya kukikata, ndiyo maana hukuweza kukiiga. Kile cha kweli kina mstari mwembamba wa kijani katikati, na pande zote mbili kimepauka mpaka kikawa kama tope. Mstari ule ni pale rinda lilipokunjwa na jua halikufika. Ni sketi, Hannah. Ni sketi yako ya marinda uliyoendea sekondari mwaka wa themanini na nane.

Ulipomaliza shule uliiacha juu ya kamba. Mama akaiweka. Alipoanza kuugua akawa anailalia, anaikunja chini ya shavu, na wageni wakija anaificha. Siku zilipokaribia aliniita akasema vitambaa vitoke humo. Nilimwambia achague leso, zipo nyingi, umeleta wewe. Akasema, "Leso hizo hazijanifanyia kitu. Hii ilimtoa mtu humu ndani." Nikaichana mimi mwenyewe. Kwenye mkanda wa kiuno palikuwa na jina lako, alilishona kwa uzi mwekundu usiibiwe bwenini. Kipande chenye jina ndicho nilichokunyoshea wewe pale kaburini, ukatia mikono mfukoni ukamtazama mchungaji wako. Nikakidondosha shimoni, kikafukiwa naye.

Niliyajua haya nilipokuwa nasoma barua yako ya kwanza. Ningeweza kukwambia Machi. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka uendelee kuandika, uandike tope, uandike moshi, uandike sitaki kujua, na kila neno ulitie sahihi. Zote ninazo.

Na kwa kuwa uliniambia nilichoka shule, nakueleza ulivyokuwa uchovu wenyewe. Mwaka ule baba alisema anaweza kumvisha mtoto mmoja tu. Akakuvisha wewe. Kaptula yangu ilikuwa imepasuka nyuma, na kila Jumatatu mwalimu wa zamu alinisimamisha mbele ya shule nzima, akanigeuza waone, akanirudisha nyumbani nikalete sare kamili. Wapo waliocheka. Jumatatu ya saba sikwenda. Wewe ulikuwa bwenini, umevaa marinda, huna habari.

Unasema ndani ya sare huwezi kumjua tajiri na maskini. Ni kweli. Maskini wamebaki nje ya lango, utawaonaje?

Kambi


Bofa
10 Agosti 2025

Kambi,

Leo sina habari za nyumbani za kukupa.

Barua yako niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikuta mboga zimeungua. Gitau aliniuliza ni nini, nikamwambia ni mambo ya shamba.

Nilidhani mama aliitupa ile sketi. Nilikuwa nikija nyumbani na leso mpya kila Krismasi, anazipokea kwa mikono miwili, anazitia sandukuni, nami narudi Kilifi nikiwa na hakika nimelipa. Kaptula yako siikumbuki. Nimejaribu siku nyingi, siikumbuki. Baba aliniambia umekataa shule, na ilinifaa kuamini.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa utaufurahia. Ungeniambia Machi, mtoto angekuwa darasani Aprili. Uliniona natumbukia ukakaa ukingoni kuhesabu maneno, na mtoto wako ukamtumia kama chambo. Kwa hilo tumefanana, mimi na wewe, na mama angelituchapa wote wawili kwa fimbo moja.

Sasa sikia. Shule inafunguliwa tarehe ishirini na tano. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, nimemweleza kila kitu, hata mambo ya mkasi, na amekubali. Purity aje na nusu yake mkononi. Asiifiche ndani ya sweta. Atasimama gwarideni nayo na nitawaambia wanafunzi wote mia sita kwamba nilikosa, kwa kipaza sauti. Namba yake ya mtihani imeshatoka, jina lake limo katika orodha. Zitakuwa zimebaki wiki kumi, na kichwa anacho.

Mlete, Kambi. Mimi ndiye wa kuadhibiwa, mwache yeye apite.

Hannah


Nyuma ya Mambrui
9 Septemba 2025

Hannah,

Wote wazima.

Sheria ina mistari mitatu juu ya mavazi, uliniandikia mwenyewe, na wa pili unakataza. Sipendi mwanangu avunje sheria za shule kwa sababu ana jamaa mkubwa huko. Wenzake watamtazama.

Kambi


Bofa
6 Novemba 2025

Kambi,

Gitau anaumwa mgongo tena. Whitney amemaliza nusu ya mwaka wa kwanza, anasema wagonjwa wanamwogopa.

Nilikuja mwezi wa tisa, unajua, kwa kuwa ulikuwa ndani. Nilikaa uani kwako kutoka saa tatu hadi adhana ya alasiri iliposikika kutoka mjini. Pola alinipa maji, yale ya chumvi, nikanywa yote. Purity alipita na ndoo mara mbili. Mara ya pili alisema, "Shikamoo, shangazi," bila kusimama. Amekonda. Mkono wake una kitambaa chako na kidole kimoja kimefungwa plasta.

Jumatatu ulikuwa mtihani wa kwanza wa maandishi. Mtahiniwa asipofika, kanuni inataka dawati lake liwekwe vivyo hivyo mpaka mwisho wa karatasi, lina kibandiko cha jina na namba. Lake lilikuwa la tatu kutoka dirishani. Mbele yake alikaa Yesha wa Anantrai, aligeuka mara moja akalitazama, msimamizi akamkaripia. Nilisimama mlangoni mpaka kengele ikalia, kisha nikakibandua kile kibandiko kwa kucha. Ninacho.

Sare zake zimetundikwa bado. Sitawapa wengine.

Hakuna aliyemuuliza Purity anataka nini. Mimi sikumuuliza nilipokuwa na mkasi, wewe hukumuuliza ulipokuwa na haki. Anaweza kurudia mwaka ujao nikimlipia kila kitu. Nijibu hilo tu, ndiyo au hapana, na kama unataka kunitukana tumia ukurasa wa nyuma.

Hannah


Nyuma ya Mambrui
30 Novemba 2025

Dada Hannah,

Shikamoo. Mahindi tuliyopata hayafiki mwezi wa tatu. Hanga la pili la mama tumelisogeza, hatuna cha kulisha watu. Pola amehamia chumba cha watoto na hasemi nami isipokuwa mbele ya wageni, kwa hiyo nakwambia wewe, sina mwingine wa kumwambia.

Hapana. Purity hayupo hapa. Kitsao, jirani yetu anayetunza bustani katika hoteli moja kule Watamu, alimtafutia kazi ya kufua mashuka, na tangu wiki iliyopita yuko huko. Nilimsindikiza mwenyewe. Walimkabidhi gauni la bluu lenye kola nyeupe na viatu vya raba, na kibandiko cha jina cha kubana kifuani. Alivaa chooni akatoka. Lilimkaa vizuri, siwezi kusema uongo.

Mama msimamizi wa wafuaji alimkagua kutoka kichwani mpaka miguuni, akafika mkononi. Akauliza ni nini hiki. Purity akanitazama mimi. Nilimweleza ni cha bibi yake, ni desturi yetu, kitakaa siku chache tu. Nilisema kwa adabu, nimevua kofia. Akaniambia, "Mzee, hapa ni sare peke yake. Kama hawezi, wako wengine nje ya geti." Na kweli walikuwepo, niliwaona tulipoingia, wasichana wanane au tisa wamekaa juu ya mawe.

Nikamwambia akifungue.

Sikusubiri hata aseme kitu. Nilimwambia kwa ukali, mbele ya watu, kwa kuwa nilikuwa naogopa yule mama atabadili mawazo. Alikifungua mwenyewe kwa meno, fundo lilikuwa limekaza tangu Aprili. Akanipa mkononi. Kisha akauliza mashine ziko upande gani.

Kambi